Fabio Wardley alipata ubingwa mwaka 2025, lakini raundi zilikuwa bado zinampita

Oktoba 25, 2025, katika ukumbi wa O2 jijini London, mwamuzi Howard Foster aliingia kati raundi ya 11 na kusimamisha pambano, Joseph Parker akiwa kwenye kamba anapokea ngumi asizoweza tena kuzirudisha. Hivyo ndivyo Fabio Wardley alivyompiga bondia ambaye wengi wetu tulikuwa tunamweka karibu kabisa na bingwa Oleksandr Usyk katika uzito wa juu. Mwezi uliofuata Usyk akauachia mkanda wa WBO, moja ya taasisi zinazotoa ubingwa wa dunia, na Wardley, aliyekuwa bingwa wa muda, akapandishwa kuwa bingwa kamili.

Tangu hapo kila kona ya ngumi walikuwa wanamzungumzia yeye, na mazungumzo yenyewe yaligawanyika. Wapo wanaosema huyu hapigiki: hata umwongoze raundi tisa, atakukuta tu. Wapo wanaosema ni bahati, na kwamba siku ngumi ile ya kulia ikikosa shabaha, kila kitu kitaanguka. Mimi sikubaliani na upande wowote. Ukimtazama kwa makini utaona kwamba kinachomfanya awe hatari na kinachomfanya aonekane mnyonge kwa raundi nyingi vina chimbuko moja, nalo ni kuchelewa kuanza. Na ukishaliona hilo, swali muhimu linakuwa ni nani hasa amekuwa akimpa nafasi ya kusubiri.

Wardley alizaliwa Ipswich, mashariki mwa Uingereza, Desemba 1994. Kijana alikuwa anataka soka, majeraha yakamkatisha, akaishia ofisini kwenye kazi ya kuwatafutia watu ajira. Ngumi alizianzia kwenye yale mapambano ya watu wa maofisini, ambayo washiriki wake ni wafanyakazi wa kawaida waliofanya mazoezi kwa muda mfupi na kupanda ulingoni mbele ya marafiki na jamaa. Alipigana mara nne huko. Mwaka 2017 akaingia moja kwa moja kwenye ngumi za kulipwa. Ngumi za ridhaa hakuzipitia kabisa.

Walinganishe na waliosimama mbele yake. Frazer Clarke ana medali ya shaba ya Olimpiki ya Tokyo. Justis Huni wa Australia alipata shaba kwenye mashindano ya dunia ya ridhaa mwaka 2019. Parker alikuwa bingwa wa dunia wa WBO tangu Desemba 2016 hadi Machi 2018, alipopoteza kwa Anthony Joshua pale Cardiff. Hawa ni watu walioanza kufundishwa kuhesabu umbali wa ngumi wakiwa wadogo. Ridhaa inamfundisha bondia kuchukua raundi: kuingia, kugusa, kutoka, kisha kurudia kabla mwenzake hajajipanga. Wardley yeye amejifunza kazi akiwa kazini, na alichojifunza kwanza ni kumaliza pambano. Rekodi yake baada ya pambano la Parker ilisema hivyo hivyo. Mapambano 21, ushindi 20, sare moja, na katika ushindi huo 19 ni wa KO (mpinzani kushindwa kuinuka) au TKO (mwamuzi kusimamisha pambano).

Tuanze na uwezo wake, kwa sababu nao unaelezwa vibaya. Wengi wanataja mkono wa kulia, wanaishia hapo. Mkono wa kulia ni mzito kweli, lakini uzito wa juu umejaa watu wenye mkono mzito wa kulia ambao raundi ya sita hawana tena pumzi ya kuutupa. Kinachomtofautisha Wardley ni kwamba uzito huo hauondoki. Raundi ya 10 dhidi ya Huni, raundi ya 10 na 11 dhidi ya Parker, amechoka, uso umevimba, miguu imepoteza wepesi, na bado ngumi inatoka na nguvu ile ile ya raundi ya pili. Bondia wa kawaida akichoka mikono ndiyo inayotangulia kufa. Kwa Wardley inatangulia miguu, mikono inabaki hai.

La pili ni jinsi anavyomaliza. Kuna mabondia wakimtikisa mpinzani wanapandwa na jazba, wanatupa ngumi kumi za kichwani, nane zinaishia kwenye glavu, mpinzani anashikilia, kengele inalia. Tazama raundi ya mwisho ya pambano la Parker. Wardley anamsukuma kwenye kamba, anapiga kulia, anabadilisha kwenda kushoto kwa pembeni, anapitisha apakati, ngumi ya kutoka chini kwenda juu, katikati ya mikono, anarudi juu. Hatupi kwa upofu. Anatafuta pale ambapo mikono ya Parker haipo, na Parker alipoziba upande mmoja, ngumi iliyofuata ilitokea upande wa pili. Alifanya hivyo hivyo kwa Clarke Oktoba 12, 2024 kule Riyadh, kwenye pambano la marudiano. Clarke alirudishwa kwenye kamba raundi ya kwanza tu, na kabla raundi haijaisha alikuwa chini, akatoka na mvunjiko wa taya na wa mfupa wa shavu. Picha ya upande wa uso wake uliobonyea ilizunguka dunia nzima usiku ule, nami sikuweza kuitazama mara mbili.

La tatu ni akili tulivu. Hili halipimwi kwa mizani, lakini ndilo linalomwokoa. Juni 7, 2025 alipigana nyumbani, uwanja wa Portman Road, wa timu anayoishangilia ya Ipswich Town. Mpinzani wa awali, Jarrell Miller, alijiondoa kwa jeraha la bega, akaletwa Huni. Kwa raundi tisa Huni alimfundisha ngumi mbele ya watu wake mwenyewe. Jabu, yaani ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, ilikuwa inaingia, Wardley anapiga hewa, majaji wote watatu wana Huni mbele tena kwa mbali. Watu wengi katika hali ile wangekuwa wameshajikatia tamaa au wameanza kukimbilia ngumi ya kubahatisha. Wardley aliendelea kusogea, kusogea, akitafuta pembe, na raundi ya 10 konde la kulia likampata Huni, ambaye hakuweza kuendelea. Ngumi ile ilikuwa imetafutwa kwa nusu saa nzima. Anayeiita bahati hakulitazama pambano lote.

Sasa upande wa pili, na hapa sitamficha mtu kitu.

Wardley anapoteza raundi nyingi mno. Machi 31, 2024, pambano la kwanza na Clarke liliisha kwa sare, majaji wakigawanyika, ingawa alikuwa amemwangusha Clarke raundi ya tano na Clarke akakatwa pointi kwa kupiga chini ya mkanda. Bondia anayempeleka mwenzake chini, mwenzake akakatwa pointi, halafu bado hashindi, ana tatizo kwenye raundi zilizobaki. Usiku ule alitokwa damu puani karibu pambano zima. Kwa Huni alikuwa anapoteza waziwazi. Kwa Parker, baada ya kumtikisa mapema, katikati ya pambano alipitwa, na kama kengele ya raundi ya 12 ingelia wote wakiwa wima, naamini Parker ndiye angenyanyuliwa mkono.

Sababu ninaziona tatu, zote zinahusiana. Ya kwanza ni kichwa. Wardley ana urefu wa karibu mita 1.96 na anasimama wima, kidevu juu, kichwa kikikaa katikati pale pale kilipokuwa sekunde tano zilizopita. Akikwepa, anakwepa kwa kuvuta mgongo nyuma, na mtu mwenye jabu ndefu anapenda sana mpinzani anayevuta mgongo nyuma, maana jabu ya pili inamkuta hana pa kwenda tena. Ya pili ni mkono wa kushoto. Anaubeba chini, na baada ya kutupa kulia mara nyingi unachelewa kurudi juu. Ya tatu, na kwangu ndiyo mama wa zote, ni kwamba jabu yake mwenyewe haina kazi maalumu. Anaitoa kama anayepima umbali, hamuumizi mtu nayo wala hamzuii mtu kuingia. Kwa hiyo akitaka kufika karibu inabidi aingie nyuma ya mkono wa kulia mtupu, na njiani anakula ngumi.

Hebu rudi kwenye raundi ya 10 ya pambano la Parker, kwa sababu imebeba kila kitu chake. Parker ndiye aliyekuwa anampiga. Wardley aliyumba, akaonekana amefika mwisho, Parker akanusa damu na kusogea kumaliza. Kusogea kule ndiko kulikobadilisha pambano. Mtu aliyekuwa anapiga na kutoka sasa amesimama ndani ya umbali wa mkono wa kulia wa Wardley, na mkono ukaja. Kengele ilipolia Parker ndiye aliyekuwa anaitafuta kona kwa miguu mizito. Kwa mashabiki ile ni raundi ya kishujaa. Kwa kocha inapaswa kuwa raundi ya kumkosesha usingizi. Bondia wake alikuwa mbioni kupigwa, na aliokolewa na uamuzi mbaya wa mpinzani mwenye uzoefu kuliko yeye.

Kuhusu usimamishaji wa Foster nitasema kwa kifupi. Wapo waliolalamika kwamba Parker hakuanguka na bado alikuwa anakwepa. Nimeirudia picha na bado naona mwamuzi alifanya kazi yake. Mtu anapigwa mfululizo, amejikunja, mikono yake haitoi jibu, na raundi iliyotangulia alishatikiswa vibaya. Ngumi hazitungojei mpaka mtu alale sakafuni ndipo tuamini ameumia.

Na tusimdharau Parker ili kumshusha Wardley. Wasomaji wa Kongo wanamjua vizuri huyu mtu. Februari 22, 2025, kule Riyadh, Martin Bakole, bondia wa kwao, aliitwa siku mbili tu kabla ya pambano kuziba nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua, akapanda na uzito wa ratili 315, yaani karibu kilo 143, na Parker akammaliza raundi ya pili. Kabla ya hapo alishamshinda Deontay Wilder Desemba 2023 na Zhang Zhilei Machi 2024, huyu wa pili baada ya Parker mwenyewe kuangushwa mara mbili. Kumsimamisha Parker ni kazi kubwa. Kabla ya Wardley ni mtu mmoja tu aliyekuwa amefanya hivyo, naye ni Joe Joyce.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoongezeka. Septemba 2022, Manchester, Joyce alimmaliza Parker raundi ile ile ya 11. Na sifa alizomwagiwa wakati ule ni zile zile anazopewa Wardley leo: haanguki, hachoki, unaweza kumpiga upendavyo lakini mwishowe atakuvunja. Wachambuzi wakaacha kuzungumzia kichwa chake kisichosogea, maana kushinda kulikuwa kunafunika. Aprili 2023 akakutana na Zhang, mtu wa mkono wa kushoto mwenye ngumi nzito, jicho likafungwa, pambano likasimamishwa raundi ya sita. Septemba mwaka ule ule, marudiano, raundi ya tatu akawa chini na hakuwahi hesabu. Kilichobadilika kwa Joyce kati ya Parker na Zhang hakikuwa udhaifu wake. Udhaifu ulikuwepo siku zote. Aliyebadilika ni mpinzani: mara hii alikuwa mtu ambaye kila kosa alilitoza kwa bei kamili.

Wapo wanaomlinganisha Wardley na Wilder, na ulinganisho una mantiki, kwa kuwa Wilder naye alianza ngumi akiwa mtu mzima na kuishi kwa mkono wa kulia. Novemba 2019 alikuwa anapoteza kwa Luis Ortiz kwenye karatasi zote za majaji, raundi ya saba akamlaza. Pambano lililofuata, Februari 2020, Tyson Fury alimsukuma nyuma tangu kengele ya kwanza na kona ya Wilder ikatupa taulo kumsalimisha raundi ya saba. Lakini tofauti ipo, na inamnufaisha Wardley. Wilder alikuwa na ngumi moja. Huyu anapiga kwa mfululizo, anajua kupiga kwa mikono yote miwili, na akisukumwa bado anarudisha. Kwa hiyo hatima ya Wilder siioni kama lazima kwake. Ya Joyce ndiyo inayonitisha.

Sasa turudi kwenye swali la nani alimpa nafasi. Huni ana kasi na akili, lakini si mpigaji wa kulaza watu wa daraja hili. Clarke ni mkubwa, anafanya kazi, lakini ngumi yake moja haibadilishi pambano. Parker ni mkali na kamili, ila silaha yake kuu ni mfululizo na mpangilio. Hao wote waliweza kumpiga Wardley kwa raundi nyingi bila kumwondoa. Yeye akala, akasubiri, akafika raundi za mwisho na mikono yake hai, akawakuta wamechoka au wamejisahau. Hadi mwisho wa 2025 alikuwa hajasimama mbele ya mtu anayempa adhabu kamili kwa kila jabu mvivu na kila mkono wa kushoto ulioachwa chini. Hicho ndicho kipimo ambacho rekodi ya ushindi 20 haijakitoa.

Dubois anaweza kuwa kipimo hicho, na mwishoni mwa 2025 jina lake ndilo lililokuwa linatajwa sana, hasa kwa kuwa wote wawili wako chini ya promota Frank Warren. Ukimtoa Usyk, sijui mtu wa kumtia Wardley mashakani mapema kama yeye. Jabu ya Dubois ni ngumi ya kuumiza, siyo ya kupimia. Septemba 2024 pale Wembley alimvuruga Joshua tangu raundi ya kwanza na kumlaza raundi ya tano. Lakini Dubois naye ana historia ya kuvunjika akibanwa: Joyce mwaka 2020, Usyk 2023 na tena Julai 2025. Agit Kabayel wa Ujerumani angekuwa mtihani wa aina nyingine, maana anapiga mwili, na kwa bondia ambaye hazina yake ni pumzi ya raundi za mwisho, ngumi za tumboni ni wizi wa hazina yenyewe. Moses Itauma ana kasi ya mkono wa kushoto ambayo Wardley hajawahi kuiona. Alimmaliza Dillian Whyte raundi ya kwanza mwezi Agosti 2025. Itauma naye ananolewa na Ben Davison, aliyeungana na Rob Hodgins, kocha wa Wardley wa tangu mwanzo, kwa hiyo pambano lao ni gumu kulipanga kwa sasa, na naona ni heri.

Afanye nini? Wengine wanashauri abadilishwe awe bondia wa pointi. Nalipinga hilo kwa nguvu zote. Mtu wa miaka 30 na ushee hafundishwi upya kila kitu, na ukimjaza mawazo mengi kichwani utamnyang'anya ule utulivu wa kusubiri ambao ndio uhai wake. Anahitaji vitu vichache. Jabu itupwe ili iumize, hata ikikosa, ili mpinzani asiingie bure. Mkono wa kushoto ukitoka urudi shavuni, siyo kiunoni. Na ajifunze kushika. Anaposhtuliwa, kama alivyoshtuliwa na Parker raundi ya 10, silika yake ni kurudisha ngumi papo hapo. Mara nyingi imemlipa, lakini bondia wa ngazi ya ubingwa anatakiwa ajue kumfunga mpinzani mikono kwa sekunde nane, apumue, mwamuzi awaachanishe, pambano lianze upya. Hayo hayahitaji miaka ya ridhaa. Yanahitaji kambi mbili nzuri na kocha anayethubutu kumkaripia hata baada ya kushinda.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa ngumi hatulisemi vya kutosha. Ngumi alizokula kwa Clarke, kwa Huni na kwa Parker hazikufutika kwa sababu alishinda au hakupigwa. Kichwa hakijui matokeo. Wardley ameingia mapambano matatu mazito ndani ya miezi 19, hapo sijagusa mazoezi ya kila siku. Huku kwetu Afrika Mashariki, ambako vijana wengi wanaruka ridhaa na kwenda moja kwa moja kutafuta riziki kwenye ngumi za kulipwa, naona Wardley anasimuliwa kama ushahidi kwamba msingi si lazima. Ukweli ni kwamba anaulipia msingi huo kila raundi, kwa uso wake mwenyewe.

Akikutana na Dubois leo, akiwa vile vile alivyokuwa O2, nampa Dubois nafasi kubwa zaidi ndani ya raundi tano za kwanza, na Wardley nampa kila raundi kuanzia ya saba. Akija na jabu yenye uzito na mkono wa kushoto juu, nabadilisha hesabu, kwa sababu mtu anayeivuka raundi ya sita mbele ya Wardley akiwa hajamwangusha ameingia kwenye sehemu ya pambano ambayo tangu ile sare na Clarke hakuna aliyetoka nayo salama.